Ufundi wa Kutuliza Darasa

Kuna walimu wasiopaza sauti. Aliyenifundisha darasa la tatu miaka ya 1980, katika shule ya msingi ya kijijini mkoani Tanga, alikuwa mmoja wao. Kelele zikizidi alikwenda ubaoni, akaandika tarehe polepole kwa ule mwandiko wake mzuri, kisha akageuka na kusimama. Hasemi kitu. Anatutazama tu, kuanzia dawati la dirishani hadi la mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefikiwa na macho yale alijiona amebaki yeye na mwalimu peke yao. Wa nyuma walikuwa wamekwisha kunyamaza kabla hawajafikiwa. Ndipo aliposema, kwa sauti ile ile aliyosalimia nayo watu njiani, "Haya wanangu, tuliishia wapi?"

Tangu hapo nimeyaona madarasa mengi, na bado sijaona ufundi unaonivutia kuliko ule. Fundi seremala anasifiwa kwa mlango, na mlango unaonekana. Mwalimu aliyelituliza darasa bila kumvunja mtoto haachi kitu cha kushikwa kwa mkono, ndiyo maana ni rahisi kudhani hakufanya lolote.

Mezani kwake palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vya penseli. Vingine vifupi mno, vya kushikwa kwa ncha za vidole. Alivichonga mwenyewe kwa wembe saa ya mapumziko, ameketi kizingitini, na asubuhi kabla ya kuita majina kopo lilipitishwa. Asiye na penseli alichukua, kipindi kikiisha akarudisha. Hakuna aliyeulizwa kwa nini hana. Hakuna aliyesimamishwa, wala baba wa mtu hakutajwa mbele ya wenzake.

Sikuelewa wakati ule kopo lile lilifanya kazi gani. Mtoto asiye na penseli hana la kufanya, na asiye na la kufanya atamfinya jirani, atavuta kola ya wa mbele yake, atatafuta wa kucheka naye. Katika madarasa ya jirani mtoto huyo huyo alichapwa kwa kukosa penseli, kisha akachapwa tena kwa kelele alizopiga kwa sababu hana penseli. Kwetu shauri lilikwisha kabla halijaanza, na hakuna aliyejua kwamba lilikuwepo.

Daftari la mahudhurio nalo alilisoma kwa namna yake. Jina lisipoitikiwa hakuweka alama akapita. Alisimama hapo. "Nani anakaa karibu naye?" Mtu akajibu kwamba bibi yao mgonjwa, au wamekwenda kuvuna, au hajulikani alipo. Siku mtoto aliporudi, mwalimu alimuuliza hali ya bibi kwanza, ya utoro baadaye. Mtoto aliyeulizwa hali ya bibi yake hawezi tena kumtupia mtu karatasi mwalimu akigeukia ubaoni. Moyo unamkataza.

Wengi mtakumbuka orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anasimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina, aliyezidi anawekewa alama. Orodha hizo zilizaa rushwa ya kwanza maishani mwetu: ubuyu na karanga viliingia mifukoni mwa viranja ili jina lifutwe. Mwalimu wetu aliipokea karatasi, akamshukuru kiranja, akaikunja na kuiweka ndani ya daftari bila kuisoma mbele yetu. Baadaye, chini ya mwembe, aliita mmoja mmoja. Tulichoambiwa pale kila mtu alibaki nacho mwenyewe. Mimi niliambiwa kwamba sauti yangu ni nzuri na inafaa kusoma hadithi kwa sauti kila Ijumaa, na kwamba msoma hadithi anatakiwa ajue kusikiliza pia.

Hakuwa mlegevu. Kazi mbaya ilirudiwa hata kengele ikiwa imelia. Aliyesema uongo alikwenda kumwomba radhi aliyemsingizia, macho kwa macho. Watu wakitetea viboko hunitolea methali ya mchelea mwana kulia. Yeye hakutuchelea kulia. Tulilia, lakini kwa uchungu wa kumkosea mtu anayetupenda, na kilio cha namna hiyo hakimwachi mtoto na chuki.

Nchi ilikuwa na haki ya kujaza madarasa. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani ifikapo 1977, na walimu wakaandaliwa haraka haraka. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 madawati yalijaa tena, na elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza 2016 yakafurika. Kiwango cha serikali shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini ziko shule ambako anasimama mbele ya watoto zaidi ya mia. Huyo atajua majina ya wangapi? Atachonga penseli ngapi? Nalaumu kwa uchungu, si kwa dharau: fimbo iliingia pale nafasi ya kumjua mtoto ilipotoweka.

Hata fimbo yenyewe ina sheria yake. Kanuni za 1979, zilizorekebishwa 2002, zinamruhusu mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye tu, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Ni shule ngapi zinazofuata hayo? Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu, mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Tulilia siku chache, tukarudi tulikokuwa.

Mwanachuo wa ualimu akienda mazoezi ya kufundisha, mkaguzi wake anatazama andalio la somo, azimio la kazi na zana. Vyote hivyo ni vya lazima. Namna ya kusimama kimya, ya kukaa karibu na dawati la mtundu bila kumtaja, ya kumpa mkorofi funguo za kabati ili awe mlinzi badala ya mharibifu, haimo katika fomu. Zamani mwalimu mgeni aliipata kwa kukaa na wakongwe, jioni, wakisahihisha madaftari pamoja. Sasa kengele ya mwisho ikilia kila mtu anakimbilia bodaboda, maana mshahara hautoshi na duka linamsubiri.

Wakongwe waliobaki wanahesabu miaka. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifikisha 60, na kila mwaka wanaondoka na kitu ambacho hakikuandikwa popote. Walimu wakuu, nawaomba: mwalimu mpya akiripoti, msimkabidhi darasa na chaki siku hiyo hiyo. Mwekeni kwanza nyuma ya darasa la mkongwe, muhula mzima, akae atazame.