Mchezo Ndani ya Mchezo: Wanafunzi wa Chuo Kikuu katika *Mashetani* ya Ebrahim Hussein

Uhakiki mwingi wa *Mashetani* (1971) humchukulia Shetani kuwa ishara ya ukoloni na ukoloni mamboleo. Usomaji huo una msingi, lakini unaruka jambo lililo wazi katika matini: Shetani na Binadamu wanachezwa na Juma na Kitaru, wanafunzi wa chuo kikuu. Kuigiza huko ndiko kunakomwachia Kitaru maradhi yanayowahangaisha wazazi wake. Kama angekutana na Shetani kitabuni tu, huenda asingeugua. Igizo limemtaka amtie Binadamu mwilini mwake, na tangu hapo nyumba ya kwao, mali ya baba yake na tofauti ya kitabaka baina yake na Juma haziwezi kubaki mambo ya kawaida.

Hussein hakuyabuni haya kwa nadharia peke yake. Yeye mwenyewe alisomea sanaa za maonyesho chuoni Dar es Salaam, na *Kinjeketile* ilichapishwa mwaka 1969. Inashangaza basi (na kusikitisha) kwamba mara nyingi mwanafunzi wa shahada ya kwanza huisoma tamthilia hii kama riwaya: anatafuta dhamira, anaorodhesha wahusika, anafanya mtihani bila kusimama jukwaani hata mara moja. Maelekezo ya jukwaani huyapita haraka. Mwanafunzi huyo ataeleza vizuri Shetani anawakilisha nini. Kwa nini mchezo wa marafiki wawili unautia ufa urafiki wao, hilo hataulizwa.