RNA inayofichua bakteria wa TB walio hai

Mpui, kando ya barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, maharage ya mbegu yaliyokauka guniani huonekana kama yamekufa. Yakifukiwa kwenye tuta lenye unyevu, kiini huamka. Kwanza hutumia ribosomu zilizohifadhiwa tangu mbegu ikauke, kisha huanza kutengeneza mpya.

Ribosomu ndiyo karakana ya protini katika kila chembe hai, na sehemu yake kubwa ni RNA. Chembe inayokua huitengeneza RNA hiyo kwa wingi, iliyopumzika huibania. Bakteria E. koli, anayeweza kugawanyika kila dakika 20, ana nakala saba za jeni za RNA hiyo. Chakula kikiisha, molekuli ya ppGpp hujaa ndani yake na uzalishaji hushuka mara moja. Bakteria wa kifua kikuu (TB) ana nakala moja tu, hugawanyika karibu mara moja kwa siku, na anaweza kulala mwilini kwa miaka.

Katika kutibu TB, ni vigumu kujua kama dawa inafanya kazi. Darubini haitenganishi wazima na wafu. Kipimo cha GeneXpert husoma DNA, ambayo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Kuotesha makohozi huonyesha walio hai, lakini jibu laweza kungojewa siku 42.

Kundi la Stephen Gillespie, Uingereza, likageukia RNA ya ribosomu, ambayo huoza mapema kuliko DNA. Katika kipimo chao cha MBLA, makohozi huongezwa RNA ngeni ya kiasi kinachojulikana, ili ionekane ni kiasi gani kimepotea njiani. Kisha RNA huchujwa, hugeuzwa DNA na kuhesabiwa. Majibu hutoka ndani ya saa chache.

Watafiti wa Mbeya walikijaribu kipimo hicho kwa kina. Mwaka 2019 Bariki Mtafya na wenzake walionyesha kwa MBLA kwamba magadi makali yanayotumika kusafisha makohozi kabla ya kuotesha huua pia bakteria wa TB wenyewe.

Hata hivyo, MBLA huhesabu walio hai bila kueleza nani anakua. Aliyelala bado ana ribosomu za zamani, kama lile harage. Mwaka 2021 Nicholas Walter wa Colorado na wenzake walipima RNA changa, ambayo bado haijakatwa vipande, wakailinganisha na iliyokomaa. Kwa panya, dawa zinazofupisha matibabu ndizo zilizoushusha zaidi uwiano huo.