Uchovu wa Shemasi Deogratias

Vitabu vya kumfundisha mwalimu kazi yake havikosekani. Vinaeleza jinsi ya kuandika ubaoni, jinsi ya kuuliza maswali, jinsi ya kugawa saa za masomo. Lakini mwalimu anayejua hayo yote, na ambaye hata hivyo kila asubuhi anaingia darasani na moyo mzito, huyo tumpe kitabu gani? Sisi twakijua kimoja, nacho ni cha zamani sana. Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo, alikiandika karibu na mwaka 400, akimjibu shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias. Kwa Kilatini chaitwa De catechizandis rudibus. Kwa Kifaransa kimetolewa kwa jina La première catéchèse.

Deogratias alikuwa mwalimu wa dini mwenye sifa njema. Watu waliotaka kuwa Wakristu walipelekwa kwake mara nyingi, kwa kuwa aliijua imani na maneno yake yalipendeza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Alilalamika kwamba hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Tena, akisema kwa muda mrefu, maneno yanapoa mdomoni mwake, hata anajichukia, na anamhurumia yule anayemsikiliza. Barua yake haikufika kwetu, twaijua kwa majibu tu. Lakini ni mwalimu gani asiyeweza kuiandika upya?

Jambo la kwanza linalotupendeza ni kwamba Agustino hamkemei. Hamwiti mvivu. Anamwambia kwamba yeye pia, karibu kila mara, hayapendi maneno yake mwenyewe. Jambo linamwangaza moyoni kwa ghafula kama umeme, kisha ulimi wafuata nyuma polepole, na mwanga umekwisha kupita. Na tukumbuke anayesema hivyo ni nani. Alizaliwa mwaka 354, akafundisha Tagaste, kisha Kartago. Mwaka 383 alikwenda Roma, na mwaka uliofuata akapata kazi ya heshima ya kufundisha ufasaha mjini Milano, akilipwa kwa fedha ya mji. Mwaka 386 aliiacha, kifua kikimwuma na moyo ukiwa umekwisha kuhama. Basi anayemfariji Deogratias amekwisha kupanda ngazi ya ualimu mpaka juu, wala hakuikuta furaha huko. Twalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaodhani kwamba furaha itakuja siku watakapohamishiwa shule kubwa ya mjini.

Kisha Agustino anatafuta uchovu unatoka wapi. Anataja sababu sita, nasi hatutazihesabu zote hapa, maana nyingine zinajieleza zenyewe: mwalimu ameitwa huku alitaka kufanya kazi nyingine, au ana huzuni kwa ajili ya kosa la mtu au lake mwenyewe. Sababu iliyo karibu zaidi na walimu wa shule ni ile ya kurudia. Kila mwaka herufi zile zile, hesabu zile zile, kisa kile kile cha Adamu na Eva. Mwalimu amekwisha kuyavuka hayo zamani, na kuyarudia ni kama kutafuna chakula kisicho na chumvi.

Dawa anayoitoa, katika sura ya 12, ndiyo moyo wa kitabu. Anamwalika mwalimu afikiri juu ya mtu anayempokea mgeni na kumtembeza mahali pazuri, mjini au shambani. Mwenyeji amepita pale mara mia bila kugeuza kichwa. Lakini leo mgeni anasimama na kushangaa, na kumbe mwenyeji naye anaanza kupaona tena. Tena, kadiri anavyompenda yule mgeni, ndivyo mambo ya kale yanavyogeuka kuwa mapya machoni pake. Twaona hapa Agustino amegusa ukweli ambao vitabu vingi vya kazi yetu vinaupita. Wao humwambia mwalimu abadili somo ili lisimchoshe. Yeye aliacha somo lilivyo, akamgeuza mwalimu amtazame mtoto. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeangalia midomo ya mtoto wakati anaposoma jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, huyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo jingine litaonekana dogo kwa mtu asiyefundisha. Agustino anasema habari za kiti. Anashauri kwamba msikilizaji aliyechoka kusimama apewe mahali pa kukaa, na anayasifu makanisa fulani ya ng'ambo ya bahari ambako watu walikaa, si mapadri peke yao. Tena aeleza alivyojifunza hayo: siku moja alikuwa anamfundisha mtu wa shamba, na yule mtu akaondoka zake. Tunamsadiki zaidi mwandishi anayeandika juu ya mapendo akakumbuka na miguu ya watu.

Lakini kitabu kina kasoro, wala hatupendi kuzifunika kwa sababu mwandishi ni mtakatifu. Mwishoni Agustino anatoa mifano miwili ya mafundisho, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ule mrefu unachukua sura nyingi, kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu mpaka siku ya hukumu, na yule anayefundishwa karibu hafungui kinywa. Mtu atauliza: yule mgeni aliyeshangaa yuko wapi? Anayesoma ili aone furaha ikifanya kazi ataiona zaidi katika mfano mfupi. Tena Deogratias alipokea watu wazima, waliokuja kwa hiari, leo huyu, kesho mwingine. Mwalimu wa shule ana watoto wale wale mwaka mzima, na wengine wao hawakutaka kuja.

Kubwa zaidi ni hili: katika zile sababu sita, njaa haimo. Wala si kwamba Agustino hakujua habari za malipo. Katika Maungamo anaeleza kwamba huko Roma wanafunzi walizoea kupatana na kumhama mwalimu kwa pamoja ili wasimlipe. Lakini hapa anamwandikia shemasi, na fedha haitajwi. Kwetu Kongo jambo hilo haliwezi kurukwa. Tangu miaka ya 1990 wazazi walibeba sehemu kubwa ya malipo ya walimu, hata katika shule za Kikatoliki, mpaka serikali ilipoanza mwaka 2019 kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Ndipo watoto wakamiminika na madarasa mengi yakajaa kupita kiasi. Mwalimu asiyelipwa hataponywa na sura ya 12. Mkubwa wa shule anayempelekea kitabu hiki mahali pa mshahara anamtumia Agustino vibaya. Mshahara ni haki yake kwanza, kisha tuzungumze juu ya furaha. Ila tusidhani kwamba siku mshahara ukifika mazungumzo yatakuwa yamekwisha: kule Milano Agustino alilipwa.

Atakayekishika kitabu hiki kwa mara ya kwanza asianze mwanzoni. Sura zote ni 27, nazo ni fupi. Aanze na sura ya 10 mpaka ya 14, azisome jioni moja, akiwezekana pamoja na mwalimu mwenzake wa darasa la jirani. Halafu arudi sura ya 9, ambamo Agustino, yeye aliyekuwa mwalimu wa ufasaha, anawaonya wasomi wasiwacheke wahudumu wa Kanisa wanaokosea sarufi wakisali. Mifano miwili ya mwisho inaweza kungoja likizo.