Mwitikiaji wa Walikale

Ukitaja Bisie, mgodi wa Walikale mashariki mwa Kongo, watu huwaza bati: mashimo, wachimbaji, wabeba mizigo waliopita njia ya kijiji cha Njingala, na vita vinavyoandamana na mali. Mimi nataka kuisifu nchi hiyo ya Walikale kwa ufundi mwingine, uliokuwepo kabla ya bati la Bisie kuvuma: ufundi wa kusikiliza.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msimulizi wa Kinyanga aitwaye Shé-Kárisi Rureke alikubali kuutoa utendi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, watu wa Walikale, mwanzo hadi mwisho. Kazi ilichukua siku 12. Aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, mpaka sauti ikamkauka na miguu ikamuuma. Mbele yake Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, na wasaidizi wawili Wanyanga waliandika kwa mkono. Kitabu cha utendi huo kikatoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene.

Rureke anastahili kila sifa aliyopewa. Lakini watazame pia wanaomzunguka msimulizi wa Kinyanga. Vijana hugonga kijiti kumpa mdundo. Hadhira huitikia nyimbo na kumtunza. Na kila msimulizi anaposita kuvuta pumzi, mmoja wa waliopo huirudia sentensi yake ya mwisho, nzima au kipande chake.

Ni kazi ngumu hiyo! Mwitikiaji huyo hana nafasi ya kuandaa maneno yake mwenyewe huku mwenziwe akisema. Lazima aishike sentensi kama ilivyotoka na aingie palepale pumzi inapokatika. Akiwahi, amemkata kauli, akichelewa, amemwacha peke yake. Haongezi chumvi. Akikosea, msimulizi anasikia papo hapo na anaweza kurekebisha. Akipatia, msimulizi anajua kwamba neno limefika, naye anasonga mbele. Sisi wa pwani tunaitika "Pakawa!" hadithi inapoanza, kisha wengi wetu tunanyamaza. Kunyamaza ni adabu, sikatai, ila mtu anaweza kunyamaza akili yake ikiwa sokoni. Anayerudia hawezi kujificha hivyo.

Basi ninyi mnaokwenda Bisie na madaftari, watafiti, wapatanishi na watu wa kampuni, jifunzeni kwa mwitikiaji. Mchimbaji akishasema, msikimbilie swali la pili. Mrudishieni kwanza alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, na mmpe nafasi ya kuwasahihisha.