Wazee wa Coopers Chase

Wengi mmeniuliza kwa nini The Thursday Murder Club cha Richard Osman, kilichotoka 2020, kimependwa namna ile. Kwa fumbo lake, hakistahiki. Kazi yangu ni uhandisi, nalijua bomba linalovuja, na humu mnavuja pahala pengi: wenye makosa huungama kwa wepesi mno.

Kinachokibeba ni wazee wenyewe. Elizabeth, Joyce, Ron na Ibrahim wanaishi Coopers Chase, kijiji cha wastaafu huko Kent, na kila Alkhamisi hukutana kupekua kesi za zamani za mauaji zilizokwama. Mmoja alikuwa jasusi, mwengine muuguzi, wa tatu kiongozi wa wafanyakazi, wa nne daktari wa maradhi ya akili. Silaha yao ni kuwa hapana anayewashughulikia.

Sisi tunawacheka Waingereza kwa kuwaweka wazee wao mbali. Haya, tucheke. Lakini someni namna Elizabeth anavyoificha hali ya mumewe, Stephen, ambaye kumbukumbu zinamtoka, asije akachukuliwa. Wale hawakutupwa. Wanabishana, wanatakiwa ushauri. Mama zetu wangapi hapa Maskati wana chumba kizuri, kiyoyozi na mtumishi, na hapana anayewauliza rai? Tunawabusu mkono, kisha tunarudi kwenye simu.

Robert Galbraith naye, katika Troubled Blood cha mwaka ule ule wa 2020, anamtafuta daktari aliyepotea London 1974, na njia pekee ni kuwaendea waliokuwa hai wakati ule, mmoja mmoja, kabla hawajaondoka. Kurasa zinapita 900; mimi ningelikata 300, lakini mahojiano hayo nisingeyagusa.

Muhammed Said Abdulla alilijua hili zamani. Bwana Msa na kiko chake wametoka kwa Sherlock Holmes, halifichiki. Lakini Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ni cha kwetu khasa, kwani hadithi zake hukaa juu ya siri za nasaba. Na nasaba nani anaijua, kama si bibi aliyekaa kimya pembeni?

Kwa anayetaka Osman mmoja tu, achukue cha nne, The Last Devil to Die, cha 2023. Mambo ya heroini mnaweza kuyaruka. Sura za Stephen msiziruke.