Pongezi kwa Watia Nyimbo wa Rumangabo

Twawiwa shukrani na mafundi wale ambao, katika vibanda vya Rumangabo, kandokando ya njia itokayo Goma kwenda Rutshuru, mashariki mwa Kongo, hutia nyimbo katika simu za wateja, na hasa yule asiyeridhika mpaka kila wimbo upate jina la mwimbaji, mwaka wake, na taswira ya jalada lake la asili. Tangu 1998 ID3v2, muundo wa kutia maelezo katika faili la wimbo, umeruhusu picha ya jalada ikae ndani ya faili lenyewe, isafiri nalo pasipo intaneti. Lakini bidii ni ya fundi. Kwa hidaya yake, kijana aliyezaliwa baada ya 1989, mwaka alipofariki mwanamuziki wa Kongo Franco Luambo Makiadi, humwona gwiji huyo na gitaa lake, akamtambua. Nami namsifu zaidi akataapo kumbandika Franco sura ya mwimbaji mwingine, Tabu Ley Rochereau, ijapokuwa mteja ana haraka.