Lala Chini Kwanza: Kuijua Kazi Nzuri ya Kufufua Land Rover

Uingereza, tangu 1957, mtu aliweza kununua Lotus Seven ikiwa vipande, akaiunganisha mwenyewe nyumbani. Huku kwetu Tandala, milimani, hatuletewi maboksi ya namna hiyo. Mwenye ndoto ya kuunda gari kwa mikono yake huishia kwenye Land Rover 109: chesisi imelala nyuma ya gereji Makambako, bodi iko Njombe, giaboksi kwa mtu mwingine kabisa. Bahati yetu ni kwamba tangu Land Rover za kwanza zilipoanza kutengenezwa 1948, magari haya yameshikwa zaidi kwa bolti na ribiti. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kazi: fundi mzuri huacha kila kilichokuwa kinafunguka kiendelee kufunguka. Aliyechomelea mahali pa bolti amemtesa fundi atakayekuja baada yake.

Nyumbani tumeanza hatimaye, baada ya miaka mingi ya kusema mwakani. Viazi vimetoa pesa ya chesisi, na mama watoto ndiye anayeshika daftari. Sharti lake ni moja: hakuna shilingi ya rangi kabla chuma hakijakamilika. Muuzaji alipokuwa anatumwagia sifa za gari, mama akamkatiza kwa adabu: "Samahani mzee, tunaomba tulione chini." Kijana wetu akatandika gunia, akaingia uvunguni na tochi na kinyundo.

Hapo chini ndipo pa kukaa muda mrefu. Chesisi ya 109 ina boriti mbili ndefu za chuma, na kila moja ina uwazi ndani. Tope la barabara zetu huingia humo, likakaa na unyevu wake, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kwenda nje. Jicho halioni kitu. Sikio ndilo linaloambiwa. Gonga taratibu, kipande kwa kipande. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali; kilicholiwa hutoa sauti butu, na wakati mwingine kinyundo huzama. Anza na boriti inayokingama nyuma, nenda kwenye vishikio vya springi, kisha mikono inayobeba bodi. Babu zetu Wakinga walifua majembe yaliyofika mpaka Unyakyusa, kwa hiyo huku milimani kukijua chuma ni urithi, na mtu asione haya kugonga gari la mwenzake.

Ukikuta uvungu umepakwa lami nyeusi mbichi, omba ikwanguliwe. Kilichofunikwa mara nyingi ni kiraka, na kiraka si dhambi. Kiraka kizuri kimewekwa baada ya kuoza kote kukatwa hadi kwenye chuma kizima. Unene wake ni ule ule wa chesisi, na ukingo umekutana na ukingo. Kiraka kibaya kimelazwa juu ya kutu. Maji hukaa katikati, na msimu mmoja wa mvua unatosha kumaliza kazi. Kiraka juu ya kiraka? Rudini nyumbani.

Halafu kamba. Pima kutoka kishikio cha springi cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo visipolingana, chesisi imepinda. Kati ya ekseli na ekseli inatakiwa ije inchi 109, yaani karibu sentimita 277, pande zote mbili.

Sumaku nayo husema mengi. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ni alumini, na sumaku haishiki hapo. Ikishika kwenye madigadi, mtu amebadilisha kwa bati. Lakini ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma; hapo sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene. Chunguza sana pembe za sakafu yake na nguzo za milango. Alumini inapogusana na chuma kwenye maji huliwa na kuwa unga mweupe, kwa hiyo fundi makini hutanguliza rangi au mpira katikati. Ukiuona mpira huo, ulizia jina la fundi aliyeuweka na umtunze.

Injini isikunyime usingizi. Ya Toyota ikiwekwa ni sawa, mradi vishikio vimefungwa kwa bolti na propela haijakaa mshazari kupita kiasi. Jaribu tu mkono mwekundu wa gia nzito gari likiwa limesimama. Uingie bila ugomvi.

Namba iliyogongwa kwenye kishikio cha springi cha mbele kulia ilingane na kadi kabla hujatoa pesa yoyote. Fundi wa kuchomelea mlipe nusu, na baki aipate siku mtakapoyaona maungio yakiwa matupu, mchana kweupe, hayajapakwa chochote.